Anayekosea Asitoke: Hoja Kuhusu Michezo ya Duara Katika Madarasa ya Awali Kigoma

Kanuni inayotawala michezo mingi ya duara katika madarasa yetu ya awali ni fupi kiasi kwamba hata mtoto wa miaka minne huishika siku ya kwanza: ukikosea, toka. Mwalimu anaimba "simama" na watoto wanasimama. Anaimba "kaa" na wanakaa. Kisha anawatega kwa kuinuka yeye mwenyewe huku akitamka "kaa", na kila aliyefuata macho badala ya masikio anaondolewa duarani, akakae chini ya mwembe au kando ya ukuta wa darasa. Mchezo unaendelea hivyo mpaka abaki mtoto mmoja, naye hupigiwa makofi. Nimeuona ukiendeshwa kwa namna hiyo Mwanga, Katubuka, Gungu na Ujiji, katika shule za serikali na katika vituo vya watu binafsi vya kulelea watoto, na sikumbuki kumkuta mwalimu aliyeuendesha kwa nia mbaya. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba kanuni hiyo moja inaufanya mchezo utende kinyume cha sababu iliyouingiza kwenye ratiba ya darasa: inawaongezea mazoezi watoto wasioyahitaji sana, na inawanyima wale wale ambao mchezo uliwekwa kwa ajili yao.

Ili hasara hiyo ionekane, ni lazima kwanza isemwe bayana kazi inayofanywa na mchezo wa duara, kwa maana sifa za jumla kwamba michezo "inachangamsha" au "inajenga umoja" hazimsaidii mwalimu kuamua lolote. Tuchukue Ukuti, mchezo ambao ni vigumu kumpata Mtanzania aliyepita chekechea bila kuucheza. Watoto wanashikana mikono, wanazunguka wakiimba habari za ukuti wa mnazi, na wimbo unapofika mahali pa upepo wanatetemesha miili huku wakichuchumaa. Ndani ya wimbo huo mfupi mtoto anafanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Analinganisha hatua zake na za wenzake wawili waliomshika kulia na kushoto, kwani akienda mbio anamvuta mmoja na akizubaa anavutwa na mwingine. Anashika akilini mstari unaofuata. Zaidi ya yote, anasubiri: anajua kutetemeka kunakuja, mwili wake umekwisha kujiandaa, lakini neno la ruhusa bado halijatamkwa, na kujizuia kwa sekunde hizo chache ndiyo kazi nzito kuliko zote kwa mtu wa umri wake.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, aliligusa jambo hilo katika mhadhara wake wa mwaka 1933 kuhusu nafasi ya mchezo katika makuzi ya mtoto. Alieleza kwamba mtoto aliye katika mchezo wa kukimbia angetamani kutimka papo hapo, lakini kanuni inamtaka angoje ishara, naye anangoja kwa hiari yake kwa sababu kuitii kanuni ni sehemu ya utamu wenyewe wa mchezo. Mtoto huyo huyo ukimpanga kwenye foleni ya uji atasukumana na kulia. Ndiyo maana Vygotsky akasema kwamba mtoto anapocheza huwa kana kwamba amejizidi mwenyewe kimo kwa kichwa kizima, na mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anayehangaika na watoto wanaoropoka jibu kabla swali halijaisha atakiri kwamba kimo hicho kinahitajika sana.

Kwa miaka ya karibuni jambo hili limepimwa pia kwa utaratibu wa utafiti. Mwaka 2011 Shauna Tominey na Megan McClelland wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walichapisha matokeo ya vikundi vya michezo kwa watoto ambao bado hawajaanza shule ya msingi, ambamo michezo ya duara ya kuitikia amri, kusimama ghafla muziki unapokoma, na kisha kutenda kinyume cha amri iliyotolewa ilitumiwa kufundisha kujidhibiti. Kipengele cha matokeo hayo kinachonihusu hapa ni kwamba faida ilionekana kwa watoto walioanza wakiwa nyuma katika kujidhibiti. Watoto waliokwisha kuwa hodari hawakuwa ndio walionufaika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig nchini Ujerumani, walionyesha kwamba watoto wa miaka minne waliocheza pamoja kwa kuimba na kufuata mdundo walikuwa wepesi zaidi wa kusaidiana na kushirikiana mara baada ya mchezo kuliko wenzao waliocheza mchezo ule ule bila wimbo wala mdundo. Watoto hao walichezeshwa wawili wawili, na hali hiyo iko mbali na umati wa uwanja wa shule zetu. Lakini matokeo yanatosha kutuambia kwamba wimbo katika mchezo una kazi yake mahususi, na kwamba kuuondoa ili tufike haraka kwenye mashindano kuna gharama.

Kuna faida nyingine ambayo sisi tunaotumia Kiswahili tunaipata kwa urahisi kuliko wengi. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo kofi moja linakaa juu ya silabi moja bila ubishi. Duara linalopokezana majina, kila mtoto akilipiga la kwake makofi, Ma-ri-a-mu, Ju-ma, E-ma-nu-e-li, na wenzake wakilirudia kwa mdundo ule ule, ni somo la kugawa maneno katika silabi kabla mtoto hajaona herufi hata moja ubaoni. Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili limefundishwa kwa msisitizo wa kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto anayefika huko masikio yake yakiwa yamekwisha kuzoea kutenganisha silabi anakuta nusu ya kazi ya kusoma imeshafanyika. Zingatia kwamba katika mchezo huo wa majina hakuna namna ya kumtoa mtu, na kila mtoto anapata zamu.

Tukirudi sasa kwenye kanuni ya kutoa, tuipime kwa hesabu nyepesi. Katika mchezo wa kugombea viti, unaopendwa mno kwenye mahafali ya chekechea, weka watoto 10 na viti 9. Kila mzunguko anatoka mmoja na kiti kimoja kinaondolewa, kwa hiyo mshindi hupatikana baada ya mizunguko 9. Kama wote wangecheza mizunguko yote, zingekuwapo nafasi 90 za kucheza. Zinazotumika ni 54. Nafasi 36 zilizobaki ni za watoto waliokaa wakitazama, na mgao wake ndio unaouma, kwani aliyetolewa mwanzo kabisa amecheza mara moja na kutazama mara nane, ilhali mshindi amecheza mara zote tisa. Ukiuliza ni nani hutolewa mwanzo, utajibiwa na mwalimu yeyote bila kufikiri: mdogo kuliko wote, aliyejiunga wiki iliyopita, mwenye kusitasita, asiyesikia vizuri, au yule ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao. Huyo ndiye aliyehitaji mizunguko tisa.

Yanayofuata huko chini ya mwembe nayo yana uhusiano na kanuni hii, ingawa mara chache tunayahusisha. Watoto kumi na watano waliotolewa hawawezi kukaa kimya wakishangilia wenzao kwa dakika ishirini. Wataanza kuchimba vumbi, kurushiana kokoto, kuvutana nguo, na mwalimu ataacha mchezo ili kuwakaripia. Kisha ripoti ya mwaka itaeleza kwamba mtoto fulani ni mtundu. Utundu huo, kwa sehemu kubwa, tumeutengeneza wenyewe kwa kumtoa mtoto kwenye shughuli pekee iliyokuwa ikimfundisha kutulia.

Wako wanaosema kwamba kutolewa kunamfundisha mtoto kukubali kushindwa, na kwamba maisha ni mashindano. Sipingi kwamba kushindwa kuna mafunzo yake. Nina shaka kama mtoto wa miaka minne anayapokea. Jean Piaget, katika uchunguzi wake wa mchezo wa gololi miongoni mwa watoto wa Uswisi uliochapishwa mwaka 1932, aliona kwamba watoto wadogo wa umri wa chekechea hucheza bila kujali nani ameshinda, na ukiwauliza watakuambia kwamba wote wameshinda. Hamu ya kumzidi mwenzake kwa kufuata kanuni moja iliyokubaliwa huja baadaye, karibu na miaka saba. Kanuni ya kutoa, basi, ni ya watu wazima, na tunaiingiza mahali ambapo wenyewe hawajaiomba. Hata wakubwa wao, wanapojipangia michezo mtaani bila mwalimu, hawana ukali kama wetu. Katika kombolela, aliyegunduliwa mafichoni na kukamatwa hajamaliza mchezo, kwa sababu mwenzake mmoja ambaye bado hajaonekana anaweza kuchomoka, kuwahi kituo kabla ya mlinzi na kuwaokoa wote waliokamatwa, na mchezo ukaanza upya. Watoto wa mitaa ya Kigoma na Tabora wamecheza hivyo kwa vizazi bila kushauriwa na mtaalamu yeyote, na inashangaza kidogo kwamba shule, yenye walimu waliosomea malezi, ndiyo inayocheza mchezo usio na mlango wa kurudia.

Hata hivyo, kumlaumu mwalimu kwa jambo hili kungekuwa kukosa kuona sababu halisi. Mtaala wa elimu ya awali unakusudia mwalimu mmoja kwa watoto 25. Ada ilipofutwa mwanzoni mwa 2016, uandikishaji wa madarasa ya awali nchini uliruka kutoka takriban watoto milioni 1 hadi zaidi ya milioni 1.5 kwa mwaka mmoja, na katika mkoa kama wetu kukuta watoto 80 mbele ya mwalimu mmoja si jambo la kushangaza mtu. Kwa mwalimu huyo, kanuni ya kutoa ni njia ya kupunguza umati. Kila anayekosea anapunguza idadi ya macho ya kufuatilia, na baada ya dakika chache mwalimu anabaki na kundi analoweza kulimudu. Kanuni inamfaa mwalimu kabla haijafikiriwa kama inamfaa mtoto, na mtu anayetaka kuiondoa bila kumpa mwalimu njia nyingine ya kushika watoto 80 anamwongezea mzigo tu.

Njia hiyo ipo, lakini inadai tuachane na picha ya duara moja kubwa linalojaza uwanja, picha ambayo hupendeza wageni na hufaa kwa kupigwa picha. Duara la watoto 80 lina kasoro za kimaumbile zisizoweza kurekebishwa kwa kupaza sauti. Sauti ya kiongozi inawafikia walio upande wa pili imefifia, hivyo wimbo unapishana na makofi yanatawanyika, na mdundo wa pamoja, ambao ndio chanzo cha faida niliyoitaja ya Leipzig, unavunjika. Na kama mchezo unataka kila mtoto aingie katikati kwa nusu dakika, zamu ya wa mwisho itafika baada ya dakika 40, ambapo wa kwanza atakuwa amekwisha kusahau kwamba kuna mchezo. Gawa kundi hilo katika maduara matano ya watoto 16, na kila mtoto amepata zamu yake ndani ya dakika nane. Maduara matano yanahitaji viongozi watano, na hapo ndipo walimu hunishika shati wakiuliza watatoka wapi.

Jibu langu la kwanza ni kwamba wamo ndani ya darasa lenyewe. Wimbo uliozoeleka vizuri hauhitaji mtu mzima kuuongoza. Mtoto wa miaka mitano anayejua maneno yote anaweza kushika nafasi ya kati huku mwalimu akitembea kutoka duara hadi duara, na siku inayofuata nafasi hiyo inakwenda kwa mwingine. Sharti lake ni kwamba wimbo mpya ufundishwe kwanza na wote kwa muda, darasani, kabla ya kutoka uwanjani, na kwamba nyimbo ziwe chache. Walimu wengi hudhani kwamba watoto huchoka na wimbo mmoja, na kwa hiyo huleta mpya kila wiki. Ninaamini ni mwalimu anayechoka. Mtoto hupenda kurudia, na ni katika marudio ya wiki ya tatu na ya nne ndipo yule mwenye aibu anaanza kufungua mdomo. Jibu la pili, la kutumia wanafunzi wa darasa la tano au la sita kuongoza maduara, linafanya kazi kwa muda mfupi tu, kwani wakubwa hao wanapenda kuamrisha kuliko kucheza, na zaidi ya hapo wana vipindi vyao.

Kuhusu kanuni yenyewe, zipo mbadala kadhaa ambazo hazipunguzi msisimko hata kidogo. Inayonivutia zaidi ni ya kuhama: yanapokuwapo maduara mawili au zaidi yanayocheza mchezo ule ule, anayekosea anakimbilia duara la jirani na kuendelea huko. Kosa linabaki na uzito wake, maana mtoto anajua amekosea na wenzake wanacheka, lakini baada ya sekunde tano anacheza tena. Katika mchezo wa viti, viti vipunguzwe bila kupunguza watoto, mpaka mwisho watoto kumi wawe wamebanana juu ya viti viwili wakishikana wasianguke. Mchezo wa aina hiyo wa kushirikiana ulihimizwa tangu miaka ya 1970 na Terry Orlick, mwanasaikolojia wa michezo wa Kanada, na anayedhani kwamba watoto watauona umepooza ajaribu kuwatenganisha wanapokuwa wamebanana hivyo. Ile mbadala ya kumfanya aliyekosea awe kiongozi wa mzunguko unaofuata naikubali kwa tahadhari. Kwa mtoto machachari ni zawadi, naye ataanza kukosea makusudi. Kwa mtoto mwoga ni adhabu kubwa kuliko kutolewa. Mwalimu anayewajua watoto wake ataamua.

Suala la lugha linastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu ndilo linalotofautisha duara la Kasulu au Kalinzi na duara la Dar es Salaam. Watoto wengi wa vijijini kwetu wanafika darasani wakiwa na Kiha kinywani, na wengine Kirundi, huku Kiswahili wakiwa wamekisikia sokoni, redioni au kwenye nyumba ya ibada. Kwao mchezo wa kuitikia amri ni somo la kwanza la Kiswahili, na ni somo zuri, kwani neno "ruka" linakuja pamoja na mwili wa mwalimu unaoruka na miili ya wenzake thelathini inayoruka. Hakuna kamusi inayofanya kazi hiyo kwa kasi hiyo. Sasa fikiria mtego ule wa mwalimu anayesema "kaa" huku akisimama. Mtoto ambaye bado anajifunza lugha kwa kutazama amefanya kile hasa tulichomfundisha kufanya, yaani kufuata mwili pale neno lisipoeleweka, na kwa hilo anatolewa nje. Mchezo wa mtego unapimia lugha, na anayeupoteza hajashindwa kujidhibiti. Unafaa kuja baada ya wiki nyingi za mchezo usio na mtego, na mwalimu anapaswa kujua anapima nini.

Programu ya EQUIP-Tanzania, iliyotekelezwa Kigoma na Tabora miongoni mwa mikoa mingine katika kipindi cha 2014 hadi 2020, iliendesha katika vijiji mafunzo mafupi ya utayari wa kuanza shule kwa watoto waliokosa darasa la awali. Wasaidizi walitoka katika jamii zile zile, na hadithi, nyimbo na michezo ndivyo vilivyotangulia, ili mtoto apate Kiswahili cha mdomoni kabla ya kudaiwa cha kuandika. Nathamini zaidi katika mpango ule chaguo la watu kuliko vifaa vyake. Msaidizi wa kijijini alimwelewa mtoto aliyejibu kwa Kiha, na hakumchukulia kuwa amekosea.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka duara la shule liwe la Kiswahili pekee kwa hoja kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia. Ndiyo, ni lugha ya kufundishia, na sioni sababu ya kulibadili hilo. Lakini mtoto anayeruhusiwa kuleta duarani wimbo mmoja aliofundishwa na bibi yake, akawafundisha wenzake na mwalimu wao, amekuwa kiongozi siku ambayo katika Kiswahili asingeweza kuwa kiongozi. Wimbo wa nyumbani ukitangulia, ule wa Kiswahili ukafuata wenye mdundo unaokaribiana nao, mtoto anavuka akiwa na kitu mkononi. Hata nyimbo zetu za kitaifa zinavumilia marekebisho madogo. Mtoto wa Kigoma anayeimba habari za mnazi mara nyingi hajawahi kuuona, ilhali nyuma ya nyumba yao kuna mchikichi ambao makuti yake yanatikiswa na upepo wa ziwa mchana kutwa. Niliwahi kumsikia mwalimu mmoja akiubadili Ukuti uwe wa mchikichi. Silabi moja inazidi, nao watoto waliimeza bila shida yoyote. Watu wazima waliokuwa wakitazama ndio waliolalamika.

Wazazi wana lalamiko lao pia, na halihusu mnazi. Wanasema wamempeleka mtoto kusoma na anarudi na daftari tupu. Lalamiko hilo lisidharauliwe, kwa sababu mzazi anayelipia sare na kuacha shughuli zake za mwaloni asubuhi ana haki ya kuona matunda, na daftari ndilo tunda pekee tulilomzoesha kuliona. Shule ambayo haijawahi kumweleza mzazi kwamba kugawa jina kwa makofi ni hatua ya kusoma haiwezi kumlaumu akidai mwandiko kutoka kwa vidole ambavyo bado havijakomaa. Wapo vilevile wazazi, Waislamu na Wakristo, wanaosita juu ya ngoma na kutikisa viuno. Hao hujibiwa kwa urahisi, maana michezo ya duara yenye kupokezana, kupiga makofi na kutembea kwa mdundo ni mingi kuliko inayotikisa viuno, na madrasa za Ujiji zenyewe zimefundisha watoto kwa kupokezana sauti miaka mingi sana.

Mara nyingine husikika kwamba chekechea ya kuimba na kucheza ni jambo la Wazungu. Ni kweli kwamba Friedrich Froebel wa Ujerumani, aliyefungua taasisi yake ya watoto wadogo Bad Blankenburg mwaka 1837, aliiweka michezo ya duara yenye nyimbo ndani ya ratiba ya kila siku, na kwamba utaratibu huo ulisafiri duniani pamoja na chekechea. Lakini Froebel aliingiza darasani kitu ambacho watoto walikuwa nacho tayari, huko kwao na huku kwetu, ambako mbalamwezi ilitosha kuwakusanya watoto uwanjani pasipo ratiba yoyote. Kilichokuja na shule ni mtu mzima kukaa katikati na kuamua nani abaki.

Kwenye karatasi, serikali haipingani na lolote nililolisema. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inazungumzia ujifunzaji wa awali kwa upana. Hakuna waraka unaoamuru mtoto atolewe duarani, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna waraka utakaoliondoa jambo hili. Linaishi katika mazoea ya kazi, na mazoea ya kazi hurithishwa mahali panapojulikana: wakati mwanachuo wa ualimu anaposimama kwa mara ya kwanza mbele ya watoto, akafanya alichofanyiwa yeye alipokuwa mdogo, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Mkoa huu una Chuo cha Ualimu Kasulu, na jirani zetu wana Chuo cha Ualimu Tabora. Wanachuo wanaopangwa madarasa ya awali hutathminiwa zaidi kwa andalio la somo, zana na namna ya kutumia ubao, na mchezo wa uwanjani hubaki kuwa sehemu ambayo mkufunzi huitazama kwa mbali akiwa amesimama kivulini. Ningependa mkufunzi huyo asogee, na katika fomu yake ya tathmini aandike mambo mawili tu kuhusu mchezo: kila mtoto alipata zamu ngapi, na ilipofika dakika ya tano ni watoto wangapi walikuwa nje ya duara. Mwanachuo anayejua kwamba atahesabiwa hivyo atalazimika kupanga idadi ya maduara, kuchagua viongozi na kuamua kanuni ya kosa usiku wa kuamkia somo, kama anavyopanga mifano yake ya hesabu. Wathibiti ubora wa shule wanaweza kutumia maswali hayo hayo mawili bila kuongezewa bajeti, na walimu wakuu wanaweza kuanza nayo kwenye mahafali ya mwaka huu, pale mshereheshaji atakapoomba viti tisa na watoto kumi.